Tuta Lililokatazwa Kulishwa

Ukungu wa Gesima haujaondoka, na Bathsheba Nyakerario tayari anakoroga pipa lake nyuma ya zizi kwa mti mrefu, leso ameifunga puani. Ndani mna samadi ya ng'ombe, jivu, na majani ya yale maua ya njano yanayoota kando ya barabara, vyote vimelowekwa mpaka vikachacha.

"Mgeni wangu hana haja ya kuuliza njia," anasema. "Anafuata pua."

Harufu hiyo ndiyo riziki yake. Huwauzia mbolea hiyo wanawake wa kikundi chao, wakulima wa chinsaga, ile mboga chungu ambayo meza ya Nyamira haiikosi. Jerikeni moja ni shilingi hamsini. Pipa hilo ndilo linalomsomesha bintiye, Kwamboka, chuo cha ualimu.

Ndiyo maana msimu uliopita Nyakerario hakufurahi kumwona Walter Mogire akifika kwenye mkutano wao na katoni ya chupa. Walter ni muuzaji wa mbolea ya kunyunyizia, kijana mwenye adabu na viatu visivyopenda tope. Chupa zake zilinukia limau, na kila moja iliandikwa kwamba huongeza mavuno mara saba.

Wanawake walizinusa, wakatazamana. Mwenyekiti wao, Bochaberi, akatangaza kuwa kikundi kizima kitahamia mbolea moja tu: ya chupa au ya pipa.

"Mara saba ya nini, Walter?" Nyakerario aliuliza.

"Ya shamba lisilowekwa kitu, Mama Kwamboka."

"Na ni nani hapa hulima bila kuweka kitu? Hata mvivu ana kuku."

Walter alicheka, hakubishana. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza matuta matatu shambani mwa Nyakerario: moja la chupa, moja la pipa, na la tatu lipewe maji tu, ili ijulikane nani amesaidia nini. Kila alipokuja kunyunyizia lake, alivua viatu akasaidia kuchota maji ya matuta yote. Hilo Nyakerario hajalisahau.

Shida ni kwamba Nyakerario alitaka kushinda. Mbolea ya kuuza huizimua kwa maji mengi. Ya shindano aliimwaga nzito kama ilivyotoka pipani. Kingo za majani zikaungua kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

Siku ya mavuno kikundi kiliyazunguka matuta. Tuta la chupa lilikuwa zuri. La pipa lilitia huruma. Lile la maji matupu liliyapita yote mawili, majani mapana kama masikio ya ndama.

"Kumbe tumekuwa tukinunua maji machafu," Bochaberi alisema polepole.

"Na mimi nauza masafi," Walter akajibu.

Hapo ndipo Drusilla, mama mkwe wa Nyakerario, aliponena kutoka kwenye kigoda chake, bila kuacha kuchambua mboga. "Hilo nilililisha mimi."

"Mama, si tulikubaliana lisipewe kitu?"

"Mlikubaliana nyinyi. Mnalisha wawili, wa tatu anawatazama. Katika boma hili? Mimi nililea mapacha, jicho hilo nalijua."

Kila jioni alikuwa akichota kikombe kimoja pipani na kukizimua kwa ndoo ya maji. "Mwenye njaa hapewi uji mzito," alieleza.

Bochaberi alicheka mpaka akaketi juu ya chinsaga. Walter ndiye aliyesema lililobaki, akimwita Drusilla Magokoro, yaani bibi: "Basi Magokoro ameshinda, na ameshinda kwa mbolea ya Mama Kwamboka."

"Angeweza kunyamaza," Nyakerario anasema sasa, akiegemeza mti kwenye pipa. "Hata bosi wake angefurahi."

Kikundi kiliahirisha uamuzi, kikisema tuta la huruma haliwezi kuhesabiwa. Wengi wanaendelea kununua jerikeni, na kipimo kimepata jina: kikombe kimoja cha Magokoro kwa ndoo moja.

Lakini Nyakerario anataka ushindi usio na msaada wa mtu. Msimu huu matuta matatu yamepandwa upya, pipa linazimuliwa inavyotakiwa, na Drusilla amepelekwa kwa binti yake kule Nyansiongo hadi mavuno. Akishinda, anapanga kununua pipa la pili na kumwajiri mtu wa kukoroga.

Simu inalia mfukoni. Anaifuta mikono yake kwenye sketi, anapokea.

"Wamekula?" Drusilla anauliza.

"Wajukuu wako wamekula, Mama."

"Sikuuliza hao."

Nyakerario anatazama tuta la tatu, jembamba, la manjano. "Amekunywa maji."



"Basi nakuja Jumapili."