Jumamosi Mawimbi Yalipochafuka

Niliporudi kutoka ng'ambo na diploma ya ufundi redio, ya kwanza katika ufuko wetu wa ziwa chini ya Tingi, nilikataa kazi ya ofisini. Diploma ile niliisomea usiku huku mchana nikiosha vyombo hotelini, hakuna aliyenishika mkono. Niliomba chumba kimoja cha ghala la kijiji, nikafunga redio kubwa, betri ya gari na vipaza sauti viwili juu ya paa. Watu wakapaita Stesheni.

Kila Jumamosi alasiri nilinasa muziki wa dansi kutoka mbali, na ukikatika naweka santuri zangu na kusoma salamu. Uwanja ulijaa. Hata bwana shamba, mgeni kutoka mikoa ya kaskazini, alijifunzia kucheza pale.

Kisha redio ndogo za mkono zikaingia. Kila nyumba ikawa na muziki wake, nami nikabaki na mbuzi na wazee wawili. Mwenyekiti wa kijiji akaja.

"Fundi, mihogo ya shamba la pamoja haina pa kulala. Jumamosi nitakuja kuangalia. Nikikuta uwanja mtupu, chumba nachukua."

Jumamosi ile nilifungua mapema. Nikavuta stesheni ya mbali, ikatoa mkwaruzo mtupu. Kwa lugha ya kitaalamu, kama nilivyofundishwa, nikatangaza: "Ndugu wasikilizaji, leo mawimbi yamechafuka sana. Tafadhali vumilieni."

Nikaweka santuri. Haikufika nusu, wavuvi wakaanza kupanda kutoka ufukweni, nyavu mabegani, wake zao nyuma yao. Uwanja ukafurika. Nikajua muziki wangu umewashinda wenye redio za mkono. Mwenyekiti alipofika hakupata pa kusimama, akaishia kucheza.

"Chumba ni chako mpaka mavuno," akanipigia kelele sikioni.

Jua lilipokaribia kuzama, mama mmoja anayeanika usipa, dagaa wa ziwa letu, akanifuata dirishani.

"Mwanangu, hayo mawimbi yataisha lini? Sufuria imekaa bila mboga."

"Mawimbi gani, mama?"

"Si umetangaza mwenyewe? Mitumbwi yote imevutwa mchangani. Wanasema msomi kaja na chombo cha kupimia ziwa."

Nikatoka nje kutazama. Ziwa lilikuwa limelala kama uji uliopoa.

"Mama, nilisema mawimbi ya redio."

Alinitazama, akatazama ziwa, akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Habari ikazunguka uwanja mzima. Mvuvi mmoja akasema, "Diploma ya nchi kavu hiyo." Hakuna aliyeondoka. Tulicheza bila mboga.

Mavuno yalipofika, mwenyekiti alitimiza neno lake. Uwanja ulikuwa umewarudia mbuzi wake. Siku ya kuhamishia mihogo chumbani, wavuvi wale wale ndio waliobeba magunia, nami nikawapigia santuri mpaka gunia la mwisho likaziba mlango. Waliingia ghalani wakicheza, mizigo kichwani, na mwenyekiti akiwahimiza akawa anapiga makofi kwa mdundo.

Baadaye niliajiriwa mjini Mbinga, nikapanda cheo mpaka nikawa na ofisi yenye mapazia. Vyeti vyangu vyote nimevitundika ukutani. Lakini nikishuka kwetu, ziwa likiwa shwari kabisa, wanaume wanaoshona nyavu huniita kutoka mbali:

"Fundi, shikamoo. Leo mawimbi vipi, tuingie?"

Nami huwajibu, "Ingieni," wakaondoka wakicheka.