Siku Saba za Paka wa Aama

Nyumba yetu ya zamani, kule kwenye mteremko wa Endamarariek, ilinuka wanyama, na nasema hivyo bila haya. Ukisukuma mlango asubuhi ulipokewa na joto la mkojo wa ndama, kisha moshi, kisha maziwa yaliyokuwa yakianza kuganda kwenye kibuyu. Sisi Wairaqw wa wakati ule hatukuona sababu ya kumlaza mnyama nje kwenye baridi na fisi ilhali ndani mlikuwa na nafasi. Ndama, mbuzi na kondoo walikuwa na upande wao, sisi tulikuwa na wetu, na kilichotutenganisha kilikuwa fito chache tu zilizofungwa kwa kamba za magome. Nilisinzia kila siku nikisikia mbuzi wakicheua, na hata leo nikilala hotelini, kwenye shuka zinazonuka sabuni, naona chumba kimya mno kama nyumba ya msiba.

Kila mtu alikuwa na mnyama wake wa kumtunza. Baba alipeleka ng'ombe joshoni. Mama alikamua. Mimi, Paskalina, kifungua mimba na wakati huo mtoto pekee wa nyumba hiyo, nilipewa mbwa: nilimng'oa kupe masikioni na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, nilimfunga mchana ili asizurure na kumfungua jua likizama. Zilikuwako sheria nyingi, na mwenye sheria alikuwa bibi yangu mzaa baba. Kwetu bibi huitwa Aama. Aama alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, macho yake yamefunikwa na ukungu kiasi kwamba alimtambua mtu kwa hatua zake. Alikataza kupiga mluzi ndani ya nyumba. Alikataza kupita mbele ya ng'ombe aliyezaa karibuni ukiwa umebeba kitu kinachogongana. Alikataza kumtazama mbwa anapokula. Nikiingia mbiombio kama watoto wanavyoingia, alinirudisha mlangoni. "Ukiwa na haraka kaa nje," alisema. "Ng'ombe hajui saa."

Mnyama wake yeye alikuwa paka, dume la kijivu lenye kifua cheupe. Baba alimwita Karani kwa sababu kila asubuhi alizunguka kihenge cha mahindi akikagua, anasimama, ananusa, anaendelea, hana salamu na mtu. Aama alimlea tangu akiwa mdogo kama kidole, akimtafunia ugali kwa meno machache aliyobaki nayo wakati huo, na paka akalipa fadhila kwa kulala juu ya miguu yake. Aama alisumbuliwa sana na baridi ya miguu. Mtu mwingine yeyote akijaribu kumpakata Karani aliondoka na alama. Aama alimpapasa anavyotaka, hata tumboni, na paka akanguruma hadi sisi wa upande wa pili wa moto tukasikia.

Nilikuwa na miaka tisa ulipofika wakati wa kuhamia vijijini. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Sisi tuliokuwa tumetawanyika vilimani tulitakiwa kukaa pamoja kando ya barabara, tupate shule, maji na zahanati. Baba aliafiki upesi, kwa kuwa alitaka nisome. Aama hakuafiki. Alikaa siku mbili akiwa amegeukia ukuta, na siku ya tatu akatoa sharti lake: atahama, ila Karani atahamishwa kwa utaratibu, si kutupwa juu ya punda pamoja na sufuria. Baba alicheka kwa furaha, akasema hata angetaka kuhamisha panya wa kihenge angewabeba mmoja mmoja.

Utaratibu wenyewe Aama aliurithi kwa mama yake. Paka hubebwa ndani ya gunia ili asione njia. Mkifika kwenye korongo, anayembeba huzunguka mara tatu mahali pamoja, ili paka apoteze upande. Katika nyumba mpya anapakwa samli kwenye nyayo, kwa sababu paka anayelamba miguu yake husahau alikotoka. Kisha anafungwa ndani siku saba kwa kamba laini, na asiachwe peke yake hata kidogo, maana paka aliye peke yake hukumbuka. Lilikuwepo na neno la mwisho, na hili ndilo lililonifunga mimi maisha yangu yote. Paka akitoka kwa uzembe wa mtu, anafuatwa, anarudishwa, na siku saba zinaanza upya. Lakini akikata kamba mwenyewe kwa meno yake, basi amekataa, na hakuna ruhusa ya kumlazimisha. Atakayemlazimisha, Aama alisema, ameleta ugomvi ndani ya nyumba.

Tulihama. Punda walibeba boriti za paa, Mama alibeba moto kwenye chungu, na Aama, aliyekataa kushikwa mkono, alibeba gunia lililokuwa likilia njia nzima. Kwenye korongo alizunguka mara tatu hadi akapepesuka, na wanaume wa familia nyingine waliokuwa wakipita wakatabasamu. Kijijini alimpaka paka samli, akachana pindo la kanga yake kuukuu, akamfunga kwenye mguu wa kitanda. Kisha akaniita. Yeye macho hayakumtosha, na Baba na Mama walikuwa na nyumba ya kukandika. Akaniambia, "Siku saba, Paskalina. Nimekupa miguu yangu."

Siku nne nilikuwa mlinzi mzuri. Nilikaa na Karani, nikampa maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu, nikamsemesha taratibu. Lakini mjue kwamba kule mlimani jirani wa karibu alikuwa mbali kiasi cha kumwita kwa mikono miwili mdomoni. Hapa nyumba zilipangwa mistari, na kwa mara ya kwanza nilizungukwa na wasichana wa rika langu. Walicheza rede kwenye uwazi mbele ya mlango wetu. Wawili wanarushiana mpira wa matambara, mmoja katikati anaukwepa, wengine wanapiga kelele wakisubiri zamu. Hodari wao alikuwa Veronika, mwenye sauti kama filimbi. Siku ya tano alikuja hadi mlangoni akachungulia.

"Wewe unaumwa?" aliniuliza.

"Siumwi. Namlinda paka."

Hajawahi kutokea mtu aliyecheka hivyo. Alirudi kwa wenzake kuwaeleza, nao wakaanza kulia nyau kila mpira uliporushwa. Karani aliwajibu kwa kilio chake kirefu, wakazidi kucheka. Baba na Mama walikuwa wamekwenda kuchota udongo, Aama amesinzia juani nyuma ya nyumba. Nikajiambia nikimfungua atatembeatembea humo ndani, atanyamaza, nami nitacheza zamu moja tu. Sikumwonea huruma. Kwa miaka mingi nilijidanganya kuwa ilikuwa huruma, lakini sivyo, nilimwonea aibu. Nilifungua fundo la shingoni mwake, nikaegesha mlango, ambao wakati huo ulikuwa fito na gunia tu, nikakimbia uwanjani.

Nilicheza zamu moja, halafu nyingine. Nilikuwa mwepesi wa kukwepa, na Veronika mwenyewe alinishangilia kwa jina. Niliporudi gunia la mlangoni lilikuwa limesogea, na nyumba ilikuwa tupu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilichukua ule utepe wa kanga, nikatia ncha yake mdomoni, nikautafuna. Nilitafuna upande, kwa magego, kama nilivyoona paka akitafuna mfupa, mpaka nyuzi zikakatika na kipande kikabaki mdomoni. Ladha ya samli na moshi niliimeza. Nilikaza na fundo la upande wa kitanda, lionekane halikuguswa. Ndipo nikaenda kumwamsha Aama nikilia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Hakunigombeza. Aliomba apewe kamba. Aliipitisha ncha kati ya vidole vyake polepole, zile nyuzi zilizochanika, zile mbichi za mate, na nikamwona uso ukimshuka. "Ameikata kwa meno," alisema, si kwangu. Akakaa kitandani, akakunja miguu, akaifunika. Jioni Baba alipotaka kumfuata paka na gunia, Aama alimwambia, "Mwache. Amenikataa mimi na hapa pako."

Baada ya siku chache mchungaji mmoja alisema amemwona Karani kwenye magofu ya nyumba yetu kule mlimani, amekaa juu ya ukuta. Aama akaamua kumpelekea maziwa, na mimi, ambaye niliaminiwa bado, ndiye niliyemwongoza. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na niliitembea mara nyingi, mkono wa bibi yangu ukiwa begani. Tulipofika alikaa palipokuwa kizingiti na kuita. Karani alitoka kwenye majani, amekonda, akanywa, akapanda mapajani mwake. Aama alimpapasa shingo tupu, akasema utepe uliobaki umenaswa na miiba. Angeweza kumwingiza kwenye gunia bila shida yoyote. Siku moja nilimwambia tumchukue tu. Aama alitikisa kichwa. "Ingekuwa alifunguliwa, leo hii ningeondoka naye nikaanza siku saba upya. Lakini aliyekata kamba ameshasema neno lake. Nami nisimsikie?"

Neno lilinifika kooni, nakumbuka kabisa. Nilikuwa nimesimama nimeshika kibuyu kitupu. Nilimwogopa, lakini zaidi niliogopa kwamba asingeniegemea tena njiani. Nikampa bega aegemee. Tukarudi kijijini.

Mwaka ule mvua za masika zilikuja mapema na kwa hasira. Korongo lilijaa, likawa halipitiki kwa wiki kadhaa. Kila asubuhi Aama aliuliza maji yamefika wapi, na kila asubuhi Baba alimjibu bado. Yalipopungua Baba alikwenda peke yake. Kuta zilikuwa zimeanguka zote. Aliita, akazunguka, akaita, na hakujibiwa na kitu. Aama alipoambiwa alisema tu, "Haya," akaomba kijinga cha moto kisogezwe karibu na miguu yake.

Hakutaka paka mwingine. Mama alimletea mtoto wa paka mzuri, mwenye madoa, Aama akaagiza arudishwe kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Panya walituingilia kihenge, wakala hata mbegu. Lakini kilichoniumiza si mahindi. Niliumia kumwona mtu niliyempenda kuliko wote akiishi kijijini kama mgeni, hana ugomvi na yeyote, hana sheria tena kwa yeyote. Nilipita mbiombio mbele ya ng'ombe, na hakunirudisha mlangoni. Mwishoni alikuwa hana hata jino moja. Wanawake walipokuja kumjulia hali wakamtania kwamba sasa amezoea kijiji, aliwajibu, "Hata mimi ningekata kamba, ila sina meno." Walicheka sana. Mimi nilitoka nje. Alikufa baada ya mavuno ya mwaka wa pili, akiamini kwamba kiumbe alichokitafunia chakula kilichagua kuta zilizobomoka kuliko yeye.

Siku hizi naishi Karatu mjini. Ninapopita madukani naona vikapu vya plastiki vyenye matundu vya kusafirishia paka, chakula chao kimefungwa kwenye mifuko yenye picha, na bwana mifugo hutangaza kwa kipaza sauti siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni mambo mema, na sipendi tabia ya wazee wenzangu ya kusema kila cha zamani kilikuwa bora. Mbwa wetu wa zamani walikufa kwa maradhi ambayo leo yanazuiwa kwa sindano moja. Hata ile habari ya samli, daktari wa mifugo aliniambia haina ubaya wala maana, ila kumfungia paka ndani siku kadhaa anapohama ni sahihi kabisa, hata wao ndivyo wanavyoshauri. Nilimshukuru nikageuza mazungumzo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ana miaka saba na ameng'oka meno mawili ya mbele. Mwezi uliopita familia yake ilihamia kwangu, wakaja na paka wao, nami nikaeleza kwamba asitolewe nje mpaka azoee. Siku ya tatu nilikuwa nachambua maharage jikoni, mtoto akaja mbio, akasimama mbele yangu akihema.

"Bibi, paka ametoka. Mimi ndiye niliyeacha mlango wazi."

Alisema hivyo tu, kwa pumzi moja, kabla sijauliza lolote. Mama yake alimkaripia kidogo. Paka tulimkuta kwa jirani, chini ya gari, tukamrudisha, tukaanza kuhesabu upya. Mtoto akaenda zake kucheza, amekwisha kusahau. Mimi nilirudi jikoni nikakaa na ungo wa maharage mapajani, mwanamke mzima wa miaka karibu sitini, nikajaribu kwa sauti ndogo, kwa Kiiraqw, lugha aliyoielewa bibi yangu: Aama, mimi ndiye niliyemfungua. Yeye hakukukataa. Nilisema mara mbili. Maneno yalikuwa mepesi, hata mtoto angeweza kuyasema.