Miyenzi ya Kule Juu

Hapana kaka, jina ya kijiji kushuka chini haitoshi kusema mulima uko bure. Njo vile nilimujibu kaka yangu, katekiste wa kwetu, wakati Mama alikuwa anamenya ndizi karibu yetu.

Padri alimutuma achore karte, ramani ya parokia na vijiji vyake vidogo vyote, mpaka kule Kalembe, kwenye Walikale inaanzia. Kaka alichora muzuri. Lakini kwenye mulima wetu aliandika neno moja: pori. Na tulijua wote: mahali wanaita pori, Leta, ni kusema serikali, inaweza kupatia muzungu wa kulima pareto. Shamba ya Mama ilikuwa kule.

Kaka alisema kijiji iko huku kwenye barabara, na jina yake njo hiyo. Ni kweli. Wakati Leta ilihamisha batu toka mulimani mpaka barabarani, wazazi walibeba milango, mitungi, na jina. Kwetu batu wakihama, jina nayo inahama. Kaka alikuwa angali mugongoni mwa Mama, na kule juu hakukubaki jina, basi akafikiri hakukuwa batu.

Nilimuambia mimea ya kule juu inaonyesha kama batu walikaa kule. Alinicheka. "Wewe na masomo yako. Utaonyesha Padri majani?"

"Njo hayo nitamuonyesha."

Miye kungoja siwezi. Nilimuvuta mukono tukapanda, viatu vyake vya misa vinateleza, Mama nyuma anamuuliza kama anaenda kubariki matope.

Kule juu, ndani ya majani marefu, miyenzi ilikuwa imesimama, ile miti yenye maziwa meupe ya kuzungushia lupango, ni kusema ua ya nyumba. Ilizunguka, lupango kwa lupango, na njia katikati. Miyenzi haijipande. Muntu anakata tawi, anasimika. Kaka alianza kusema pengine ni ndege walileta mbegu, lakini Mama alishaingia lupango moja. Akasukuma majani na muguu. Mafiga matatu, yamezama nusu mu udongo.

"Hapa njo nilikuzalia, Papa," akamuambia kaka, vile anamuita tangu utoto.

 Kaka akavua kofia. Halafu akakunjua karte kwenye goti, akafuta pori, akaandika: kijiji ya kwanza, batu wanalima.

Nilishuka ninaimba, na Mama, mama muzima, akanipita mbio.

Lakini kwenye karte ngambo ya muto kulibaki pori ingine, na kule pia mamangu wadogo wanalima. Jioni ile nikakata shauri: asubuhi, mbele ya umande kukauka, nitabeba karte miye mwenyewe nipande ule mulima wa ngambo, na kaka atanifuata, na viatu ao bila viatu.