Siku Tulipokiacha Chama Chetu Beni

Baba yangu alikuwa mtu wa chama tangu kabla sijazaliwa. Ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti hapa Butembo. Hagusi pombe, na hata chai ya asubuhi anaiombea kwanza. Chama chetu kilisema ni cha watu kama yeye: watu wa familia, wa maombi, wa heshima, watu ambao kwao shamba la babu haliuzwi kwa mgeni. Kila campagne ya uchaguzi bendera yake ilipepea juu ya duka letu la vitenge, na mimi niliimba nyimbo za chama na nyimbo za kwaya kwa sauti ileile.

Kwa hiyo asubuhi ya kwenda Beni nilivaa kama mtu anayekwenda harusini. Wajumbe walikuwa wamefika kutoka Kinshasa kutangaza nani atasimama kwa chama, upande wa Butembo, katika uchaguzi wa wabunge wa jimbo. Sisi tulijua tayari. Tulikuwa tumemchagua wenyewe, kwa kuinua mikono: mama mmoja mjane, directrice, mkuu wa shule ya msingi. Vita vilipowatupa watu mjini kwetu bila kitu, yeye ndiye aliyefungua madarasa wakalala, akapika nao, akawaandikisha watoto wao bila kelele. Viongozi wa chama hapa mjini walitupa neno lao kwamba Kinshasa itamkubali.

Tulipanda lori la Fuso. Akina mama tulikalia mifuko ya maharagi, wanaume wakasimama nyuma wakishika vyuma, directrice yuko mbele na dereva. Tuliimba njia yote. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari alituangalia kwa mshangao.

"Papa, bino nyonso bozokende wapi?" akauliza kwa Lingala yake tunakokwenda sote.

"Tunaenda kuleta mama yetu!" baba akamjibu, na gari zima likapiga vigelegele. Askari akacheka, akainua kamba.

Ukitoka kwenye baridi ya Butembo, Beni inakupokea kwa joto. Ukumbi ulijaa, watu wanajipepea kwa kofia za chama, lakini baba alikataa kuvua koti. "Siku kama hii mutu anavua koti?" akaniambia.

Mjumbe mkubwa, kijana wa viatu vinavyong'aa, akasimama kwenye micro, kipaza sauti. Akasifu sana wazazi wetu, akasifu makanisa yetu. Kisha akatamka jina la mgombea wa Butembo, na halikuwa la mama yetu. Lilikuwa la tajiri mmoja wa nganda, yule ambaye bar yake kubwa inatazamana na kanisa letu, na ambaye muziki wake wa Jumapili unatufanya tuhubiriane kwa kupiga makelele. Juzijuzi tu alikuwa akikitukana chama chetu kwenye redio. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, akidhani ni mchezo. Directrice alikaa vilevile, mkoba wake juu ya magoti, macho mbele.

Baba akasimama. Sikuwahi kumwona akimkatiza mkubwa yeyote.

"Excusez, mukubwa," akasema. "Ule mama tulichagua, iko wapi?"

"Papa, chama inatafuta mutu wa kushinda. Politique ni calcul, ni hesabu."

"Na ile mulikuwa munatufundisha? Famille, maombi, heshima? Ile pia ilikuwa calcul?"

Mjumbe akatabasamu kama anayemtuliza mtoto. "Mzee, ukae. Nyinyi batu ba kanisa mutatupigia tu kura. Mutaenda kwa nani mwingine?"

Miaka yote ile ya bendera na nyimbo, kumbe huko juu walituhesabu kama mbuzi waliokwisha kufungwa kamba.

"Kwa nani, sijue bado," baba akasema. "Lakini mulango minauona."

Akatoka. Viti vikaanza kukwaruza sakafu, kimoja, viwili, halafu vyote vya upande wetu. Nilijikuta nje kwenye jua, nikicheka, kama mtu aliyeruka mto mpana akashtuka kwamba amefika ng'ambo. Wote tulisema kwa wakati mmoja. Baba alivua kofia ya chama, akamkabidhi kijana wa mlangoni kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Kisha, pale kando ya Fuso, akamgeukia directrice.

"Mama, utakubali kusimama peke yako, bila chama?"

"Peke yangu, hapana," akasema. "Na nyinyi, ndiyo."

Ah, kelele zilizopigwa pale! Mama aliyekuwa anachoma ndizi barabarani aliacha ndizi zake ziungue, akaja kuuliza nani ameoa.

Campagne ile sijaona nyingine kama hiyo. Hatukuwa na kofia wala T-shirt za kugawa. Nilikata vitambaa vyeupe vya dukani, nikavichora kwa rangi. Motards wa pikipiki walitubeba bure wakirudi makwao. Baba aliingia nyumba za Wakatoliki ambazo alizipita miaka mingi kwa salamu ya mbali tu, na kila alikokaa alikuta malalamiko yaleyale juu ya chama kilekile. Kila upande ulidhani umedanganywa peke yake! Alikuwa anarudi amechoka, mavumbi hadi magotini, na bado ananiita mimi bintiye: "Mama, kuya usikie leo bameniambia nini!"

Siku ya kura, baba aliyekuwa amezoea kugusa namba ya chama bila kutazama, alikaa mbele ya mashine ya kura akitafuta uso mmoja kati ya nyuso nyingi. Sisi kwenye mstari tulianza kunung'unika. Ghafla sauti yake ikatoka ndani: "Nimemuona! Iko anacheka!" Polisi akamwambia anyamaze, lakini polisi mwenyewe alikuwa akificha kicheko kwa mkono.

Directrice hakupata kiti. Katika mtaa wetu aliwapita wote, lakini sheria inadai kila mgombea, hata wa bila chama, apate kwanza sehemu ya kura za jimbo zima, na sisi hatukuwa na watu huko mbali. Nililia, sifichi. Tajiri wa nganda naye alianguka, na chama kikapoteza kiti ambacho kilikiona kama urithi wake. Kesho yake directrice alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu. "Wasingya, wasingya," alishukuru kila mlangoni, huku akituuliza mkutano unaofuata ni lini.

Na mkutano upo kweli. Tunakutana baada ya ibada, Wakatoliki na sisi, zamu kwa zamu, na wanasiasa wamepata habari. Juzi alikuja mmoja wa chama kingine na maneno matamu ya familia na maombi. Baba alimpa kiti kizuri, akamletea chai.

"Kunywa, mukubwa," akamwambia. "Maulizo yetu iko mingi, na leo hatuna haraka."