Breki ya Kiatu

Mtaani kwetu Fedha, baiskeli yenye breki ni ya wazee wa kupeleka maziwa. Sisi tunazing'oa. Unakata waya, unafungua vile vibano, baiskeli inabaki nyepesi, na ukitaka kusimama unainua mguu wa kulia, unabana soli ya kiatu juu ya tairi la nyuma. Mpira unanuka, kelele inatoka, watoto wanashangilia. Mamangu hakuelewa kwa nini kiatu changu cha kulia hutoboka wakati cha kushoto bado kinang'aa. Akaamua nina mguu mmoja mfupi. Mguu ukapelekwa kanisani ukaombewa, na mimi nikasema amina kwa sauti kuliko wote.

Likizo ya Agosti, mjomba wangu, ambaye ni dereva wa lori dogo, kanta, alikuwa anapeleka simenti kwenye shule moja juu ya milima ya Iveti, kule Machakos. Akakubali kutubeba, mimi na rafiki yangu wa shule, anayekaa mtaa wa Baba Dogo, pamoja na baiskeli zetu. Mpango ulikuwa yeye arudi kwa barabara, sisi tushuke kwa njia ya ng'ombe upande wa pili, tukutane sokoni chini. Tulikuwa tumetazama video za watu wakishuka milima kwa baiskeli, wamevaa kama wanaenda vitani. Sisi tulikuwa na jezi na viatu vya shule.

Mjomba alizitazama baiskeli, akauliza, "Breki ziko wapi?"

"Nimezivaa, anko," nikamjibu, nikamwonyesha kiatu.

Alinong'ona kitu kwa Kikamba, ambacho nikiwa na adabu zangu sitakitafsiri, akaondoka na lori lake.

Mwanzoni njia ilikuwa tamu. Halafu miti ikaisha, mteremko ukasimama kama ukuta, na nikagundua jambo ambalo mtaani hakuna mtu aliyewahi kuniambia, kwa sababu mtaani hakuna mlima. Tairi likijaa vumbi, kiatu hakishiki. Kinateleza tu kama sabuni. Nilibana, nikabana tena, soli ikaanza kuchoma unyayo, na baiskeli ikazidi kukimbia. Rafiki yangu alikuwa mbele, ameketi wima, ananicheka.

"Msee, unashuka kama shosho anaenda kliniki!"

Akapinda kona, akapotea. Mimi niliona kona ile inakuja nikajua siiwezi. Nikajitupa kwenye kichaka cha miiba.

Nililala pale nikihesabu meno kwa ulimi. Yote yalikuwepo. Nikapaza sauti kwamba shosho, bibi kizee mwenyewe, amefika kliniki, nikangoja anicheke. Kimya. Nikafikiri ni mchezo wake. Huyu ni mtu aliyewahi kujilaza chini ya meza kwenye maabara ya shule, ulimi nje, mpaka mwalimu akazimia, akamwagiwa maji. Kwa hiyo nilingoja, nikatoa miiba matakoni, nikamtukana kidogo. Hakujibu hata tusi, na tusi langu lilikuwa zuri.

Hapo nikajitoa kichakani.

Niliiacha baiskeli nikashuka kwa miguu. Kwenye kona njia iligeuka kushoto, lakini alama ya tairi haikugeuka. Ilienda moja kwa moja mpaka ukingoni. Kabla ya ukingo kulikuwa na kiatu chake cha kulia, soli imetoboka. Nilikiokota, kilikuwa bado na joto. Chini niliona vilele vya miti tu. Simu haikuwa na mtandao, na hata kama ungekuwepo, ningempigia nani? Mamake ana yeye peke yake. Nilijaribu kupanga kichwani nitakavyomwambia, na kila sentensi iliyonijia ilianza na mzaha, maana ndivyo mdomo wangu ulivyozoea, na kila mzaha ulinitia baridi.

Mtaani hatuitani kwa majina getini, kwa sababu ukiita jina mama ndiye hujibu. Tunapiga mluzi. Nikapiga. Midomo ilikuwa imekauka, ikatoka hewa tupu. Nikailamba, nikapiga tena, huku nikishuka nimeshika mizizi, kiatu chake nimekiuma kwa meno kila nilipohitaji mikono yote miwili.

Kutoka chini ukajibu mluzi dhaifu.

Nilimkuta katikati ya mbaazi. Watu wa huko hulima kwa ngazi, kila shamba na tuta lake, na tuta ndilo lililomdaka. Mama mwenye shamba alikuwa amechana leso yake, anamfunga kifundo cha mkono kwa kipande cha bua la mahindi, huku akimkaripia kwa ajili ya mbaazi zake. Rafiki yangu alikuwa na rangi ya majivu. Nikafungua mdomo.

"Usinichekeshe," akasema. "Mbavu zinauma."

"Sikuwa na kitu cha kusema."

"Basi ni mbaya sana."

Yule mama alituonyesha njia ya sokoni, akasema mkono huo uonwe hospitalini leo hii. Nikarudi kuichukua baiskeli yangu. Yake tuliiacha kwenye mbaazi, gurudumu limejikunja kama chapati. Nilimvisha kiatu chake, nikamwambia atangulie, nisimwache nyuma yangu. Lakini njia ile ilikuwa kona tupu, na kila alipopinda akapotea machoni, nilimwita.

"Niko," anajibu.

Kona nyingine, namwita tena.

"Niko, buda. Nitaenda wapi na mkono mmoja?"

Nilijua yuko. Nilisikia nyayo zake, kiatu kimoja kikipiga makofi ardhini. Paa za soko zilikuwa zimeshaonekana chini yetu, na kanta ya mjomba kando yake. Akapinda kona nyingine, na nikamwita.