Shingo Iliyokataa Kuinama

Mimi ni mwoga, na sikuanza jana. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na nyumbani kwetu Kitengela kicheko hakikukosekana siku niliyotangaza kwamba nitasomea usaidizi wa tabibu. Baba, aliyetuleta huku kutoka magharibi alipopata kazi, aliuliza ni nani atakayemshika mgonjwa mimi nikizirai. Nilikasirika sana. Kisha nikaenda chuoni na woga wangu uleule.

Tulifundishwa mambo ya msingi: kupima joto, mapigo ya moyo, pumzi, presha na uzito, kunawa mikono, na kumtazama mtu kabla ya kushika chombo. Mwalimu wetu alisema chombo hakina akili. Nilikariri kila kitu kwa sababu niliamini kwamba nikisahau neno moja, mtu atanifia mikononi. Wenzangu waliota mshahara, mimi niliota maiti.

Kwa mazoezi ya kazi nilipelekwa kwenye zahanati ndogo baada ya mji wa Kajiado, upande wa Bisil. Alikuwepo tabibu mmoja ambaye kila mtu alimwita daktari, na mimi, ambaye pia waliniita daktari hata nikikataa. Kazi yangu ilikuwa kupokea wagonjwa na kuwapima. Huko mtoto wa Kimaasai hampi mkubwa mkono. Huja mbele yako, akainamisha kichwa, nawe ukaweka kiganja utosini, salamu ikaisha. Katika zahanati yote ile, hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikunitisha.

Siku moja ya soko alikuja mama mjamzito na binti yake wa miaka kama mitano. Nilimpima mama presha, ikawa sawa. Akamsogeza mtoto mbele anisalimie. Mtoto akasimama wima, akanikodolea macho.

"Salimia daktari," mama akasema.

Mtoto hakusogea. Wazee waliokaa kwenye benchi walikuwa wakitazama, na mama akaona haya. Akamshika kisogo, akamsukuma kichwa kiiname. Mtoto alipiga ukelele hadi mazungumzo yote yakakatika.

"Leo ako na madharau," mama aliniambia. "Tangu asubuhi ni kununa tu. Nimemchapa na bado."

Niliweka kiganja utosini. Alikuwa anaungua. Nikakumbuka darasani tulivyoambiwa tuguse kifua kwa kidevu, kila mmoja wetu, tukicheka, na mwalimu akasema iko siku tutamkuta asiyeweza. Nikaangusha kalamu sakafuni kwa makusudi, nikamwomba mtoto aniokotee. Alikunja magoti, akashuka mwili mzima umenyooka, akapapasa sakafu bila kuitazama.

Mlango wa daktari ulikuwa umefungwa, na yeye hakupenda kukatizwa. Nilisimama pale nikiogopa kuonekana mjinga, na nikiogopa zaidi kwamba sikuwa mjinga. Nikafungua.

"Nini tena? Niko na mgonjwa."

"Kuna mtoto hawezi kuinamisha kichwa."

"Hawezi ama hataki?"

"Hawezi, daktari."

Alitoka. Alimlaza mtoto mezani, akamwinua kichwa taratibu, na magoti ya mtoto yakajikunja yenyewe. Daktari hakunisifu. Alisema inaonekana ni homa ya uti wa mgongo, akamdunga dawa ya kwanza palepale, akaita ambulansi, akaniamuru niende nao na nisiache kuhesabu pumzi.

Nilihesabu. Kila mara kifua cha mtoto kilipochelewa kuinuka, changu nacho kilisimama. Tulipokaribia mjini, mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni mimi nimemvunja shingo?"

"Hapana, mama. Ni ugonjwa."

"Lakini nilimsukuma."

Nilirudia kwamba ni ugonjwa. Sidhani alinisikia.

Siku kadhaa baadaye nilipata ruhusa ya kwenda kumwona wodini Kajiado. Njia nzima nilijiandaa kukuta kitanda kitupu. Nilimkuta ameketi, anashika kikombe cha uji mwenyewe, na muuguzi akasema homa imeshuka. Mama alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa Kimaa na kwa Kiswahili, akacheka. Nami nilicheka, machozi yakanitoka bila aibu. Kisha mama akaenda nyuma ya kitanda kukunja shuka.

"Yeyo," mtoto akamwita. Ndivyo wanavyomwita mama.

"Niko hapa," mama akajibu.

"Yeyo."

Mama akaitika tena, safari hii kwa sauti kubwa. Mtoto akaita mara nyingine, macho mlangoni, midomo ikianza kutetemeka.

"Sasa hanyamazi," mama aliniambia kwa furaha. "Naitika na bado ananiita tu."

Nikakumbuka mwalimu alivyosema kwamba ugonjwa ule huweza kuondoka na masikio ya mtu. Nilizunguka hadi nyuma ya mtoto, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Mgonjwa wa kitanda cha pili alishtuka akamwaga chai. Mtoto hakugeuka.

Mama aliacha kukunja shuka. Alitazama mikono yangu, kisha uso wangu.

"Daktari," akauliza, "hayo makofi ni ya nini?"