Shikamoo ya Usaili

Siku ya usaili wa ukarani Ngara mjini, nilitoka Bukiriro na shati jeupe nimelifunga kwenye khanga ya mama, maana barabara ilikuwa vumbi tupu. Nikalivaa nyuma ya ofisi. Mama alinisisitizia jambo moja tu: salamu kwanza.

Nikaingia, nikainamisha kichwa, nikasema, “Shikamooni.”

Mezani walikaa watatu. Aliyeitikia “marahaba,” bila kuinua macho, alikuwa kijana niliyemtangulia madarasa mawili shuleni, aliyekuwa akija kwetu kunywa uji. Sikuona aibu wala hasira. Nilikaa kwenye kiti nilichoonyeshwa, nikajibu kila walichouliza.

Jioni mama akauliza kama niliwasalimia vizuri. Nikamwambia wameitikia.